Kakao ya Viungo kwa Mama Mkwe

Jumatano, 1 Juni 1994

Nimetwanga iliki tena. Mdalasini upo, karafuu zipo. Tangawizi ya unga imekwisha; kesho nanunua mbichi. Kakao kopo zima. Zamani kopo kama hili mpaka uwe na ndugu Nairobi, sasa maduka ya Mkuyuni yamejaa.

Baba Neema anasema chai inatosha. Haitoshi! Mama yake anakuja Jumamosi kutoka Misungwi, mara ya kwanza kulala kwangu. Miaka minane anawasimulia watu kwamba mkwe wake aliunguza maziwa. Kweli niliunguza. Nilikuwa bibi harusi wa siku tatu. Lakini miaka minane, jamani! Safari hii hadithi hiyo naizika.

Alhamisi, 2 Juni

Maziwa yamekatika. Sufuria nzima, mabonge matupu. Kakao ya vijiko vinne imepotea. Nina hasira mpaka kichwa kinauma. Huyu muuza maziwa kaniletea ya jana.

Ijumaa, 3 Juni

Mzee Masalu kafika na baiskeli yake kutoka Usagara. Sikumpa hata shikamoo. Nikamwambia mbele ya majirani kwamba maziwa yake mabovu. Akapima lita mbili, akaondoka.

Nikayachemsha matupu. Yametulia. Nikatia kakao. Safi kabisa. Nikatia tangawizi mbichi. Hapo hapo yakakatika.

Lo! Kumbe ni mimi. Nimeona aibu, hata Neema sikutaka anitazame.

Nimebakiza lita moja. Nikachemsha tangawizi na maji kwanza, ikaiva mpaka harufu ikafika kwa jirani. Ndipo maziwa. Yamekubali! Nimejipongeza mwenyewe, maana wa kunipongeza hayupo.

Jumamosi, 4 Juni

Asubuhi nimemngoja Mzee Masalu barabarani. Shikamoo kwa sauti, majirani wale wale wasikie. Nikamwomba radhi.

"Marahaba, mwanangu. Nilijua utarudi."

Maringo hayo! Ila ana haki nayo.

Mama mkwe kafika saa nane. Kabeba kibuyu cha maziwa ya mgando. Eti kaja na yake, maana ya kwangu anayajua. Mbele ya watoto! Nimekipokea, nikakiweka jikoni.

Saa kumi na moja nikaingia jikoni. Akaja na kigoda, akakaa mlangoni, macho kwenye sufuria yangu mwanzo mpaka mwisho. Sikuunguza. Nikammiminia. Akanusa. Akanywa kidogo, akakunja uso. Akanywa tena, mpaka chini. Akasukuma kikombe kwangu. Nikajua amekataa.

Kumbe anataka kingine.

Vikombe vitatu. Hakusifu hata kwa neno moja. Sijali. Najivunia. Naandika tena: NAJIVUNIA.

Jumapili, 5 Juni

Nimechelewa kuamka. Nimefuata harufu ya tangawizi mpaka jikoni.

Mama mkwe kajifunga kanga kiunoni, kainamia jiko langu. Tangawizi inachemka na maji. Maziwa bado yako pembeni, kayafunika na sahani. Kibuyu chake hajakigusa.

Hakugeuka.

"Mama Neema, hii kakao inaingia saa ngapi?"

Nikachukua kikombe na kijiko, nikamwonyesha. Kwanza unaikoroga na maji kidogo.