Mate ya Mbavu

Tarehe 4 Machi

Dada yangu,
Shikamoo. Damu hiyo bado inakusumbua? Mimi mzima kama tairi jipya. Bila mimi hapa gereji hakuna gari linalotoka. Kichupa cha mate, cha kupima kama uboho wa mifupa yangu utakufaa, nimeshakituma kwa daktari wako. Anasema ndugu wa baba na mama mmoja hulingana mmoja kati ya wanne? Sasa huyo mmoja ni nani kama si mimi? Uboho wako uko njiani, tena wa bingwa!
Mdogo wako, Bingwa

Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,
Marahaba. Mimi naongezewa damu kila wiki. Majibu yametoka. Daktari anasema chembe za kinga za kila mtu zina alama zake, na mtoto hubeba nusu za baba, nusu za mama. Mama hakupimwa kwa sababu ya kisukari, ila baba alipimwa. Wewe huna hata moja yake. Mama anaapa mpaka sauti imemkauka. Jana baba alimtolea sanduku nje, majirani wanatazama. Nijibu upesi.
Dada yako

Tarehe 29 Mei

Dada,
Shikamoo. Barua hii nimeichana mara nne. Yale mate si yangu. Siku ile nilikuwa na kikohozi na jino bovu, nikaona aibu kukupelekea uchafu. Nikampa kichupa fundi mwenzangu, tunamwita Mbavu, ananyanyua gurudumu la lori peke yake. Nilidhani wanatafuta mwenye afya. Nilitaka upate yaliyo bora, dada, wallahi. Mwambie baba. Kichupa cha pili nimetema mwenyewe, kikohozi na vyote.
Mdogo wako

Tarehe 24 Juni

Mdogo wangu,
Marahaba. Hii anaandika muuguzi, mimi namtajia tu. Baba alikwenda kumwomba mama radhi. Mama kamjibu akiwa mlangoni: "Mwanao umempata. Mke tafuta kwingine."
Majibu yako yamefika. Tunalingana alama zote, Bingwa, kama pacha. Daktari alitabasamu, kisha akafungua faili langu, tabasamu likaisha. Amesema mwezi wa tatu mwili wangu ungestahimili kupandikizwa. Sasa hauwezi. Akaniuliza kwa nini mate yako mwenyewe yamechelewa hivyo.
Nikamwambia mdogo wangu alikuwa anakohoa.
Dada yako