Darubini ya Karibu Husubiri

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo yako naiweka mbele kabla hujanikasirikia. Goti linaendeleaje? Na Shemeji ameacha kukoroma, au bado unahamia sebuleni? Mimi mwili ni mzima, ila nimewakumbuka mno.

Uliwahi kuniuliza nafanya kazi gani hasa huku mlimani, nikakujibu nafuta vioo. Si uongo sana. Tuna darubini nne zilizotengana, zote zinatazama nyota moja. Mwanga wa kila moja hupita handakini hadi chumba kimoja, na lazima wote ufike kwa pamoja, la sivyo hatupati picha. Ule unaotangulia, wa darubini ya karibu, tunauzungusha kwenye vioo vya kigari fulani ili usubiri wenzake. Kigari hicho ndicho changu. Mama angecheka, maana tangu utotoni sijui kusubiri hata chai ipoe.

Wiki iliyopita nilifanya kosa la kijinga. Wakati wa kupima haruhusiwi mtu kuingia handakini, kwa sababu joto la mwili huchafua hewa na mwanga ukatikisika. Niliingia. Ilitimia miezi miwili tangu mumzike Mama, nikatafuta mahali pa kulia peke yangu. Picha ikaharibika. Bosi wetu, mama mkali asiye na maneno mengi, aliniita, nikamweleza kilichonipeleka kule. Akauliza mbona sikwenda mazikoni.

Akasema, “Ungeomba ruhusa, ningekupa siku hiyohiyo.”

Dada, nilikwambia nimenyimwa ruhusa. Sikunyimwa. Sikuomba. Ukanitetea kwa ukoo mzima, ukasema wakubwa zangu hawana utu, nami nikakuacha useme. Mama alipozidiwa, ndiyo kwanza tulikuwa tunaunganisha darubini zote nne, nikajipa moyo kwamba atanisubiri. Nyota tuliipata: si nukta tena, ni duara lililobonyea kidogo, kama chungwa lililokaliwa. Wenzangu wakapiga makofi. Nikatoka nje kumpigia Mama nimsimulie, ukapokea wewe.

Hata mazishini sikuja, kwa aibu. Sasa nimeomba ruhusa, nimepewa. Nitafika Jumamosi. Usipotaka kunifungulia, sitagonga mara ya pili. Nitakaa mlangoni hadi hasira zikuishe. Safari hii nitasubiri mimi.

Nisalimie Shemeji na watoto.

Mdogo wako,
Macho Juu
(Aliyenipa jina hilo hayupo. Umebaki wewe wa kuniita.)