Ufa Chini ya Roshani

S.L.P. 418,
Cedar Ford, Texas.
9 Aprili 2025

Mpendwa Baba Mkwe,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, na magoti yako yamekupa nafuu. Shangazi Verna alituandikia kwamba theluji ya Machi iliwafungia ndani siku tisa, na kwamba ng'ombe wawili wa jirani walizalia kwenye ghala lako. Huku Texas joto limeshaanza. Afya zetu ni njema. Binti yako Lorna amepona kile kikohozi, na mjukuu wako Marisela ametimiza miaka kumi na sita. Amenipita kimo kwa upana wa kidole, na hanipi nafasi ya kusahau.

Ningekupigia simu, lakini masikio yako na simu hayapatani, na habari hii si ya kupigiana kelele. Tena Lorna hajui kwamba nakuandikia.

Kazi yangu unaijua. Huu ni mwaka wa nne natengeneza viyoyozi katika kanisa anakosali Lorna, la Mierezi Saba. Uliwahi kuniuliza Mkatoliki anajisikiaje kula mkate wa Waprotestanti, nikakujibu kwamba hewa baridi haina dhehebu. Ulicheka. Nimelishika hilo kwa sababu wewe si mtu wa kucheka ovyo.

Mwezi wa Januari nilipanda kwenye dari lililo chini ya roshani, ile sehemu ya juu yenye viti elfu moja na mia mbili, ili nibadilishe bomba la hewa. Pale boriti ya chuma inapokutana na nguzo, kwenye mshono uliochomelewa, niliona ufa. Ulikuwa na urefu wa njiti ya kiberiti. Niliweka alama ya penseli kwenye ncha zake zote mbili, nikaandika tarehe.

Baada ya wiki tatu ufa ulikuwa umeivuka alama. Vijana walipofanya tamasha lao mwishoni mwa Februari, nilirudi nikakuta umefika urefu wa kiganja changu. Rangi ilikuwa imebanduka, na vumbi lake limelala juu ya bomba langu jipya, mstari mmoja mnyoofu.

Nilimweleza Dwight, mkuu wa majengo. Aliniuliza, "Anselmo, kiyoyozi kinapoza?" Nikamwambia kinapoza. "Basi kazi yako imeisha. Pasaka tuna ibada tano. Nikifunga roshani, hao watu niwakalishe mapajani kwangu? Baada ya Pasaka nitaleta mhandisi." Hakusema kwa ubaya, Baba. Alisema kama mtu anayeahirisha kwenda kwa daktari wa meno.

Nikamweleza Lorna. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Utakumbuka Krismasi mliyogombana wewe na Lorna mezani kwetu. Ulimwambia kwamba mchungaji wa watu elfu ishirini si mchungaji, ni mtangazaji, na ukamuuliza asiyekujua jina atakuzikaje. Lorna aliweka uma chini. Alisema, "Baba, kwenye kanisa lako tulikuwa watu arobaini, na wote walinijua jina. Nilipompoteza yule mtoto wangu wa kwanza, nikiwa bado Nebraska, wote walijua, na hakuna aliyegonga mlango. Walikuwa wananitazama tu. Mierezi Saba nililia kwenye kiti cha nyuma miezi miwili bila kuulizwa kitu, halafu wanawake sita nisiowajua wakaniletea chakula mpaka nikasimama."  Nilianza kukusanya sahani, mimi mumewe.

Kwa hiyo nilipomletea habari ya ufa, hakusikia habari ya ufa. Alisikia Krismasi ile.

"Umelitafuta kosa miaka minne, sasa umelipata," aliniambia. "Kama si jukwaa ni taa, kama si taa ni mchungaji kuvaa viatu vya mpira. Leo ni chuma."

"Lorna, nimeupima."

"Na parokia yako je? Misa saba kwa wiki, watu elfu kumi na moja. Wewe unaingia Injili ikisomwa, unatoka na Ekaristi bado mdomoni. Padri wako anajua hata jina lako?"

Hakulijua.

Wiki hiyohiyo nilikwenda kumwona Padri Kowalczyk, na neno lake la kwanza lilikuwa kuniuliza naitwa nani. Baada ya miaka kumi na tisa. Nilimweleza yote. Nilitarajia aseme kwamba kanisa ni altare na kila kijiji na altare yake, si ukumbi wa muziki. Badala yake alisema, "Ukubwa si dhambi, bwana Treviño. Sisi ndio tuliotangulia kujenga makubwa, na mengine yalituangukia vichwani. Usimwambie mkeo kanisa lake ni bovu. Mwambie boriti ni mbovu. Halafu jiulize mwenyewe kama unaweza kuyatenganisha hayo mawili."

Nimejiuliza, Baba, na sitakuficha. Kuna siku nilipanda dari lile nikitamani ufa uwe umeongezeka, ili niwe nimeshinda. Nilipougundua moyo wangu huo niliogopa, nikashuka. Lakini penseli haina moyo. Alama zile ziko pale, na chuma kinazidi kuachana.

Nikaandikia baraza la wazee wa kanisa, nikatia sahihi. Kimya. Nikaenda ofisi ya majengo ya mji wetu. Walituma mtu siku ya Jumanne, ukumbi ukiwa mtupu. Wazee walimpokea kwa kahawa, akapanda juu, akautikisa ukingo wa roshani kwa mikono miwili, akasema anaona uko imara ila atarudi na vifaa vya kupimia. Tarehe aliyoandika ni 22 Aprili. Pasaka ni tarehe 20.

Kesho yake Dwight alininyang'anya ufunguo wa lile dari. Alisema nitaendelea na kazi upande wa madarasa ya watoto. Sasa hata sijui ufa umefika wapi. Wakati ule nilikuwa naujua kama ninavyoijua mikono yangu. Tangu wanizuie nisiuone, silali.

Jumapili iliyopita nilifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nilikwenda ibadani nao. Lorna anaimba kwenye kwaya jukwaani, na Marisela ni mkaribishaji wa vijana kule juu, kwa hiyo niliketi naye roshani. Niseme kweli, ibada ilikuwa nzuri. Palikuwa na mzee aliyeimba huku machozi yakimtiririka, na msichana asiyemjua akamshika mkono. Nilimwelewa Lorna siku hiyo kuliko miaka yote.

Kisha wimbo wa tatu ukaanza na vijana wakaruka. Sakafu iliruka nao. Haikutikisika tu, Baba. Ilishuka, ikasita kidogo, ikarudi. Nilishika kiti cha mbele. Marisela akaniona akaniinamia.

"Tulia, Baba. Hufanya hivyo kila Jumapili."

"Tangu lini?"

"Sijui. Zamani ilikuwa kidogo. Sisi tunaiita kupaa."

Walikuwa wanacheka, watoto wa watu, wakisubiri kiitikio kirudi ili wapae tena.

Nilipomwambia Lorna, aliketi, nikadhani nimempata. Halafu akasema wazee wamewahakikishia wanakwaya kwamba mtu wa mji amekagua na kuridhika. Akasema pia kwamba siku nitakayosimama mlangoni kumzuia Marisela, siku hiyo ndiyo atakayohama. Akanikumbusha ahadi.

Ahadi hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Unakumbuka ulikataa kuja harusini mpaka nilipoendesha gari kwa muda wa saa kumi na mbili hadi kwako, nikakaa jikoni kwako na kofia mkononi. Ulinitaka niape kwamba sitasimama kamwe kati ya binti yako, au mtoto wake, na mahali wanapomwabudu Mungu. Niliapa. Miaka kumi na nane nimeishika, hata walipokwenda mahali ambapo wewe mwenyewe hukupapenda.

Sasa nakuomba unifungue kwenye ahadi hiyo. Mwandikie Lorna kwa mkono wako, na herufi kubwa, kwa sababu husoma barua zako akiwa amesimama. Usimwandikie kuhusu watu elfu ishirini wala kuhusu mchungaji. Ukigusa hilo tumekwisha. Mwandikie kuhusu boriti tu. Mwambie kwamba baba yake aliyewahi kujenga maghala matatu anamwomba amshushe mtoto. Na uwaandikie wazee wa kanisa pia. Barua ya fundi wa viyoyozi Mkatoliki wameiweka kwenye droo. Ya mchungaji wa Kibaptisti aliyehudumu miaka arobaini kama wewe huenda wakaisoma, na kuna watoto wengine wengi kule juu ambao baba zao hawajapanda kwenye dari.

Barua kutoka hapa kufika Nebraska huchukua siku nne au tano, na yako kurudi vilevile. Nimehesabu. Ukijibu siku utakayoipokea, tutakuwa mbele ya Pasaka kwa siku mbili, labda moja.

Ikichelewa, ujue hivi. Marisela atakuwa ibada ya tatu, safu ya nne, karibu na nguzo. Misa yangu nitasali Jumamosi, kisha Jumapili nitakaa kando yake. Ameshanitania, ati baba Mkatoliki ataruka. Nimemwambia nitakaa tu, na kwamba nikimshika mkono na kumvuta asiniulize kwa nini. Nina kilo tisini na nne, Baba. Najua ninapokwenda kumlinda ninaiongezea boriti ileile mzigo.

Nisalimie Shangazi Verna, na Delbert na wanawe, na yule jirani anayekuletea mayai. Marisela anakusalimu sana, anasema safari hii atakuja kukaa kwako mwezi mzima wa Julai.

Mungu tunayemwita wewe na mimi kwa nyimbo tofauti akuweke, na atuweke.

Mimi mkweo nikupendaye na kukuheshimu,

Anselmo Treviño