Reine na Kombe la Chuo

Yaya Gervais, kaka yangu mkubwa,

Sisi huku Woolwich, London, tuko wazima. Baridi imepungua, na juzi sokoni nilipata sombe, yale majani yetu ya muhogo.

Umeuliza habari za mwanangu Reine. Ndiyo, timu yao ya basketi imechukua kombe. Mkuu wa chuo alinipa mkono akaniambia wazazi sasa wanapanga foleni kuleta watoto wao, maana chuo kinachoshinda hivi lazima kinafundisha vizuri.

Nami niliamini, yaya. Kisha ikaja barua ya Kiingereza kuhusu nyumba tunayokaa, nikampa Reine anisomee. Alisoma mistari miwili akakwama.

"Mama, siwezi," akanijibu kwa Kiingereza chake. "Insha zangu ananiletea kocha, zimeshaandikwa. Mimi naweka jina tu."

Ana miaka kumi na minane.

Nilienda kwa mkuu nikamwambia mtoto hachezi tena mpaka afundishwe kusoma.

"Lakini Jumamosi tuna mechi," akasema. "Bila yeye tutashindwa."

"Basi mshindwe," nikamwambia.

Walishindwa kweli. Wenzake hawampigii simu tena, naye hasemi na mimi. Anakula chumbani kwake. Kuna siku najiuliza kama nimemharibia maisha.

Jana mchana, nikipanda ngazi, nilimsikia akisoma kwa sauti, neno moja moja, kama mtoto wa darasa la pili. Nilikaa palepale kwenye ngazi nikalia, lakini sikumwita.

Utuombee.

Mdogo wako,
Léocadie