Kwa Elkana, Uliyewapa Kawangware Ufagio Wetu

Ndugu yangu Elkana,

Najua ungependa barua hii ije ndani ya bahasha, uisome peke yako, kisha uifiche katikati ya Mambo ya Walawi ambako hakuna mtu atakayeigusa. Nimekunyima nafasi hiyo. Nimeipanga herufi kwa herufi kwa mikono yangu, nimeichapa kwenye mabaki ya karatasi kama vijitabu vyangu vingine, na itakapokufikia, watu wa Lindi na Kambi Muru, huku kwetu Kibera, watakuwa wamekwisha kuisoma. Wewe ndiye uliyeanza kuyafanya mambo yetu kuwa ya watu wote. Mimi nimekuiga tu.

Nina wivu. Nalisema hilo mapema ili usihangaike kulitafuta katikati ya mistari ukadhani umenifumania. Na mtu akikuambia kwamba wivu ni dhambi basi, mwambie asome Kutoka, sura ya ishirini, aone ni nani aliyejiita mwenye wivu kabla yangu.

Unaikumbuka siku niliyoingia karakana yako pale Lindi? Nilitaka rafu ya vitabu. Ilikuwa Jumapili mchana, nimetoka kanisani na tai shingoni, nikakukuta unapiga randa kana kwamba ni Jumatatu. Nikakuuliza kama hujui leo ni siku gani. Hata hukuinua kichwa.

"Ni siku ya kwanza ya juma, omera," ulisema. Hilo ndilo neno lenu Wajaluo la kumwita mtu ndugu, na mimi Mluhya nilikuwa sijawahi kuitwa hivyo na mtu niliyetaka kumgombeza. "Mimi nilipumzika jana. Wewe umepumzika leo. Sasa nani kati yetu amemkosea Mungu?"

"Wewe!"

"Haya. Nionyeshe."

Ukapangusa benchi kwa kiganja, ukatoa Biblia yako ya Kiswahili kutoka kwenye sanduku la misumari, ukaifungua ikikutazama wewe. Mimi nilikuwa nimesimama ng'ambo ya benchi. Nikaanza kukusomea mstari kutoka huko huko nilikosimama, maandishi yakiwa kichwa chini, bila kukwama. Ukaacha kubishana. Ukanitazama kama mtu aliyeona mbuzi akipanda ngazi.

"We bwana, unasoma kutoka huko?"

Nikakueleza kazi yangu. Kwamba mpanga herufi katika kiwanda cha kuchapa huzitazama herufi zake zikiwa zimepinduka tangu asubuhi hadi jioni, na kwamba kwangu mimi maandishi hayana juu wala chini. Ulicheka mpaka ukakalia rundo la mbao. Rafu yangu haikutengenezwa siku ile. Ilikuja kutengenezwa baada ya miezi mingi, na imepinda, nawe unajua imepinda.

Ndivyo tulivyoanza. Kila Jumapili mchana, mimi natoka kanisani kwetu tunakonyunyiziwa maji kidogo, wewe watoka kwenye kazi yako, mtu wa Jumamosi na wa kuzamishwa mtoni mzimamzima. Tulisoma kitabu kimoja kimoja, kutoka mwanzo hadi mwisho, hata majina ya wana wa fulani aliyemzaa fulani. Mimi nilikuwa na Biblia ya lugha yetu, wewe ulikuwa na ya kwenu, lakini tulikubaliana kutumia hiyo moja ya Kiswahili, ili asiwepo mtu wa kusema kwamba yake imeandikwa vingine. Upande wako wa benchi ulikuwa wako, na wangu ulikuwa wangu. Tuliweka alama kwa maranda. Mpaka leo nikisikia harufu ya msonobari namkumbuka nabii Hosea.

Na sheria ile, Elkana. Hiyo ndiyo hasa iliyonifanya nikae nikupangie herufi hizi. Mimi ndimi niliyeitunga! Ulikuwa umesema kwa mara isiyohesabika, "Kanisa letu linafundisha kwamba," nami nikapiga ngumi kwenye benchi, msumeno ukaanguka. Nikasema, kuanzia leo, atakayesema "kanisa letu" atashika ufagio na kufagia maranda yote. Hapa mtu atasema "hapa imeandikwa", au atanyamaza. Ukakubali haraka, maana karakana ilikuwa chafu.

Nilifagia mimi. Jumapili baada ya Jumapili, mtunga sheria mwenyewe, nimevaa tai, nafagia. Sikujua neno hilo lilikuwa limekaa mdomoni mwangu kiasi hicho. Rispa muuza omena, dagaa wa ziwani, ambaye kama mtaa mzima huniita mwalimu kwa ajili ya vijitabu vyangu, alikuwa akipita mlangoni na karai lake anauliza, "Leo tena ni mwalimu amefanya makosa?" Nawe unamjibu, "Leo amefanya mara mbili. Mwache afagie mpaka kwako." Nilikuwa nimeandika vijitabu vya kuwasambaratisha watu wa Jumamosi, watu wa ngoma, watu wa kanzu nyeupe, na hakuna aliyewahi kunijibu. Kumbe ufagio ulikuwa ukinijibu.

Halafu Mzee Kariuki akajenga ile ploti yake ya kupangisha Kawangware, vyumba vimepangwa pande mbili na uwanja katikati, akakupa kazi ya milango na madirisha. Sikukulaumu. Mtu hula jasho lake. Mwanzoni ulirudi kila Jumapili. Kisha ukarudi mvua isiponyesha. Kisha Rispa, ambaye siku hizi huuza Kawangware pia, akaniletea habari akiwa ameketi kwenye kizingiti changu: fundi amehamia huko na vifaa vyake vyote, na Jumapili mchana watu wa kila kanisa wanajaa sebuleni kwa Mzee Kariuki, wanasoma Biblia. Wakikuyu, Wajaluo, Waluhya, wa ngoma na wasio wa ngoma.

"Na wana mchezo mzuri," aliniambia. "Mtu akisema 'kanisa letu' anainuka kumimina chai ya watu wote. Wanacheka sana!"

Sikulala vizuri siku hiyo. Chai! Mmeuchukua ufagio wangu mkaufanya birika.

Basi nilikuja mwenyewe kuona. Naomba tuzungumze juu ya siku ile, maana tangu hapo hujafika Lindi, na mimi sijakanyaga Kawangware.

Sebule ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Viti vyenye mito, juu ya kila kiti kitambaa kilichofumwa, redio kubwa kwenye kona imefunikwa kama bibi harusi. Kila mtu alikuwa na Biblia yake. Ya Mzee Kariuki ilikuwa na utepe mwekundu wa kuwekea alama. Nawe ulikuwa umeketi kando yake, bega kwa bega, mnatazama upande mmoja. Nilikuwa sijawahi kukuona kutoka pembeni, Elkana. Nilikujua kwa uso tu.

Mzee akauliza kwa upole, "Na huyu mgeni wetu tumwite nani?"

Ukajibu, "Ni rafiki yangu wa zamani, kutoka Kibera."

Wa zamani. Kama kiti ulichokitupa nyuma ya nyumba kwa sababu mguu umelegea.

Mkanipa Biblia, mpya, ya chapa ileile kama yako. Mlikuwa Waefeso, sura ya nne. Mzee akasema mgeni atusomee. Hapo ndipo aibu ilipoanza. Mimi Waefeso naijua. Naijua kwa mahali ilipo. Iko kushoto, karibu kabisa na kifua changu, mistari ikielekea kwako. Nikafungua, nikatafuta kushoto, haipo. Nikafunua mbele, nikafunua nyuma, Wagalatia, Wafilipi, watu wananingoja, binti wa Mzee ameshika kikombe hewani. Mikono yangu ikafanya ilichozoea: ikakigeuza kitabu kichwa chini. Na papo hapo nikauona ule mstari, mahali pake, nikaanza kusoma kwa sauti, mwili mmoja na Roho mmoja, bila kukwama.

"Wee mzee!" yule binti akasema. "Umeshika Biblia kichwa chini!"

Na kijana mmoja wa nyuma: "Ndiyo maana huko Kibera hawaelewani!"

Sebule nzima ikacheka. Siwalaumu. Lazima ilikuwa kichekesho. Lakini nilikutazama wewe, kwa sababu katika chumba kile palikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kwa nini naisoma hivyo, aliyejua ni miaka mingapi ya Jumapili niliyosimama ng'ambo ili kitabu kikutazame wewe. Ungesema sentensi moja tu. Ulicheka pamoja nao, kisha ukafunua ukurasa.

Nimeyasikia mnayoyasema juu ya umoja. Mnasema Bwana wetu aliomba kwamba wote wawe kitu kimoja, na kwamba jibu la ombi hilo linaanzia Kawangware. Yohana kumi na saba naijua pia, kulia, katikati ya ukurasa. Na sasa nitakuambia kama nilivyokuwa nikikuambia ukiwa na randa mkononi: huo wenu bado si umoja. Rispa ameniambia mlipofika kwenye habari za ubatizo mtu akaanzisha wimbo, na wimbo ulipoisha mlikuwa mmekwisha ruka hadi sura nyingine. Wewe, mtu wa mtoni, uliimba! Kwenye benchi letu ubatizo ulituchukua msimu mzima wa mvua. Tuliitana vipofu. Siku moja uliniambia nimenyunyiziwa kama kabichi, nikaondoka bila kuaga. Jumapili iliyofuata nilikuwa nimesimama pale pale ng'ambo, nawe ulikuwa umeifungua tayari, kwenye ukurasa uleule. Hakuna aliyeomba radhi. Uliniuliza tu, "Tulikuwa mstari gani?"

Hicho ndicho ninachokiita umoja, na sijakiona mahali pengine, hata kanisani kwetu. Naam, nimesema kwetu. Nipe ufagio. Lakini kupatana na watu ambao hamgusani panapouma ni kazi rahisi, hata wasafiri waliojikinga mvua chini ya kibanda kimoja hupatana. Unawaunganisha watu wa Jumamosi na wa Jumapili, wenye ploti na wapangaji wao, na Mungu awabariki, sisemi kwa kejeli. Kati ya Wakristo wote wa Nairobi, uliyeshindwa kuungana naye ni mimi.

Sasa Rispa ameleta ujumbe wako. Unasema makanisa manne yatakusanyika kwenye uwanja wa ploti Jumapili ya Pasaka, kusoma pamoja na kumega mkate kwenye meza moja, na kwamba meza umeitengeneza wewe. "Mwambie omera aje," ulimtuma. "Mwambie asije na vijitabu."

Nimelitafuna neno hilo la pili siku nyingi. Lakini ni lile la kwanza lililonizuia kukataa. Omera. Hukusema rafiki wa zamani.

Nitakuambia jambo ambalo Rispa atakuambia hata nikinyamaza. Nilinunua Biblia ya Kiswahili. Jumapili nikitoka kanisani naiweka mezani, naifungua, na naigeuza itazame kigoda kilicho ng'ambo. Nasoma kutoka upande wangu. Nikifika mahali tunapogombana nakitazama kigoda, kana kwamba kuna mtu anayetafuta la kunijibu. Juzi jirani alichungulia akauliza, "Mwalimu, unamngoja nani?" Nikamwambia namngoja mtu abishe. Akaniambia nioe tena.

Kwa kusoma peke yangu nimejifunza mengi, sikatai. Nimegundua mambo katika Waebrania ambayo yangekufanya uangushe patasi. Lakini mtu anayesoma peke yake hushinda kila ubishi, Elkana, na mimi nimeshinda mpaka nimechoka.

Kwa hiyo nitakuja. Nitakuja na kijitabu kimoja, ambacho ni hiki, maana sijawahi kuingia mahali mikono mitupu na sianzi sasa. Mzee Kariuki asisumbuke kunitafutia kiti chenye kitambaa. Binti yake asiniletee Biblia mpya. Wewe fungua ile yako ya zamani, kama bado ina maranda ndani, na uiweke kwenye hiyo meza yako mpya ikikutazama wewe. Mimi nitasimama ng'ambo. Tutaanzia pale mlipoanza kuimba.

Na nitakaposoma, watu wakicheka, safari hii waambie.

Mimi wako, wa ng'ambo ya benchi.