Pini ya Pili ya Kitanda cha Pikipiki

Lusaka, Zambia

Kwako mke wangu mpenzi, Mama Zuhura,

Nakusalimu kwa moyo wangu wote, wewe na mwanetu na kila aliyemo humo ndani. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inanibana kifua, na hamu ya nyumbani nayo haina dawa ya kununua dukani. Nyinyi hamjambo? Mguu wa mama umepata nafuu? Zuhura bado anaususia uji, au ameshaelewa kwamba sukari ya duka la ushirika haiji kwa kununa?

Barua yako ilinikuta karakanani tukila chakula cha mchana. Nilipofika pale unaposema pikipiki imeanguka, tonge lilibaki mkononi mpaka likapoa. Bwana Phiri, fundi mwenzangu, akaniuliza, "Kuna msiba?" Nikamjibu kwamba hakuna, ila ulipita karibu sana.

Mama Zuhura, jambo lile umelisimulia kama vile kuku ameingia jikoni. Eti pikipiki inayokupeleka kazini vijijini ilitaka kufunguliwa gurudumu la nyuma. Baba yako akafika kutoka Ipole na asali yake, akakuona unahangaika, akachukua kamba ya gome la mti, akaipitisha juu ya boriti ya kibanda changu na kuivuta pikipiki juu kama anavyotundika mzinga. Ukamwuliza kama kamba itahimili, naye akasema, "Mwanangu, mizinga mizito kuliko hiki kidude chenu inaning'inia porini msimu mzima, tena ina nyuki ndani." Ukapiga magoti chini yake kufungua nati. Zuhura akalia uani, ukainuka kwenda kumtazama, na nyuma yako kamba ikakatika. Halafu unaongeza, "Tulicheka sana." Mimi sijacheka hadi leo.

Simlaumu baba mkwe, na usimsomee kwa sauti ya kumsuta. Mzee yule kamba huichuna leo akaitumia leo, ingali mbichi, na hapo haina mpinzani. Hiyo mliyotumia, umesema mwenyewe, ilikaa juu ya meko tangu masika. Moshi uliikausha, na gome likikauka hivyo ukilikunja linavunjika. Tena mzinga ukishatundikwa hakuna anayeutikisa. Pikipiki unaivuta kwa spana, inacheza, na kila ikicheza kamba inasagika kwenye boriti. Boriti yenyewe niliiweka ibebe mabati tu, na mchwa wanaifahamu kuliko mimi.

Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta kitu cha kukuinulia hiyo pikipiki. Hapa ipo meza kuukuu inayopanda kwa jeki ya mafuta, na msimamizi alikuwa tayari kuniachia. Niliitamani kweli, kisha nikaiacha. Mpira wake wa ndani ukichoka, meza inashuka na mzigo wake bila kuaga, na mpira huo hapo Tabora utautafuta mpaka Zuhura aolewe. Mnyororo wa kuning'iniza nao nikaukataa kwa sababu ya boriti. Basi nikaunda changu kwa vyuma chakavu, Bwana Phiri akinisaidia kuchomelea. Nakiita kitanda. Aliposikia namuundia mke wangu kitanda cha chuma, alicheka mpaka akakaa chini.

Kinapanda kwa skrubu ya kuzungusha kwa mkono. Kinakwenda polepole, lakini ukiacha kuzungusha hakishuki. Kiweke pale kwenye saruji, si kwenye udongo wa mlangoni. Pikipiki ipandishwe juu yake ikiwa imezimwa, gurudumu la mbele liingie kwenye kibano, kisha usukani ufungwe kwa kamba za katani kulia na kushoto, zivutwe sawasawa kabla hujazungusha chochote. Mtu wa pili ashikilie. Kikifika kimo unachotaka, unapitisha pini mbili kwenye matundu ya miguu, moja kila upande, halafu unarudisha skrubu kidogo mpaka mzigo uzikalie pini. Hapo tu ndipo mkono unaweza kuingia chini. Na ukitaka kutoa gurudumu la nyuma, weka kwanza gogo chini ya injini, maana uzito unahama.

Kazi huku ipo, sitakudanganya, lakini ninaishi kama mgeni. Wananiita "Tanzania", na jina langu mwenyewe nalisikia kwa nadra. Natamani nsansa zako, majani yale makavu ya kunde uliyoyaunga kwa karanga, hata zile ulizowahi kuzitia chumvi mara mbili. Tukifunga karakana jioni ndipo unanijia hasa. Nakuona umerudi kutoka Goweko, vumbi jekundu limejaa kwenye ushungi, unaniambia, "Fundi, inakohoa hii." Kisha unavuta kigoda, unanisimulia ya akina mama na shamba lao la ujamaa wakati mimi nafungua na kufunga. Nilijua haikohoi. Nina hamu nawe, mke wangu, na leo nimeona nisilizunguke.

Kitanda kinakuja na dereva wa lori anayepitia Mbeya, kisha atakuja kwa njia ya Ipole na Sikonge. Atapumzika kwa baba mkwe. Mwambie mzee asije akakitundika.

Mpe mama shikamoo yangu. Msalimie sana baba mkwe na umwambie asali nilimaliza zamani. Msalimie balozi wetu wa nyumba kumi, na jirani yetu muuza vitumbua, ambaye nina hakika barua hii atasomewa. Zuhura mbusu mashavu yote mawili.

Bado swali lako la mwisho. Uliandika, "Unatuletea vitu, Baba Zuhura, na tunashukuru. Wewe mwenyewe unakuja lini?" Msimamizi anataka niongeze mkataba, na kila siku nimekuwa nikimwambia nitamjibu kesho. Leo nimemjibu. Nimekataa. Namalizia muda uliobaki, kisha nafunga mizigo.

Sasa ukifungua kile kitanda utakuta pini moja tu. Usiihangaikie nyingine kwenye magunia niliyokifungia, ninayo hapa mfukoni mwa shati. Ya kwanza peke yake haishiki, kitalala upande, na tafadhali usiniwekee msumari wala kipande cha nondo. Ukienda Goweko, kwa sasa panda treni. Najua fundi chuma wa pale mtaani Ng'ambo ukimwonyesha hiyo moja atakuchongea mwenzake kabla chai haijapoa. Nakuomba usimwonyeshe.

Mumeo,
Baba Zuhura