Miguu Inayokataa Kulala

Nyumba ya fundi cherehani,
Ghorofa ya pili.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Sisi wote wazima, ila mimi usingizi ulikuwa umenipa kisogo, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Unajua najiandaa kwa mashindano ya baiskeli. Kocha wetu, tunayemwita Filimbi, hutupandisha kilima kilekile mara nane kila jioni baada ya kazi. Narudi niko hoi, lakini nikijilaza moyo unadunda kama bado napanda. Nikisinzia, naiota barabara ileile, tupu.

Dada, ninayelala naye chumba kimoja, mwanzoni alinicheka kwamba napiga pedali chini ya shuka. Halafu akaacha kucheka. "Jana uliongea," akaniambia. "Ulisema, 'Nakuja, nisubirini.' Na macho yalikuwa wazi."

Jumanne niliamka nyayo zina vumbi. Baiskeli ilikuwa ukutani, mahali pake, ila magurudumu yamelowa umande. Nikajidanganya nilisahau kuyafuta.

Alhamisi, Shangazi, nilizinduliwa na baridi. Nilikuwa juu ya kilima, pekupeku, na nguo za kulalia, nimekaa juu ya baiskeli. Hatua mbili mbele ni shimo la machimbo ya kokoto. Mlinzi wa pale alikuwa ameshikilia kiti cha baiskeli kwa mikono miwili, ananivuta nyuma.

"Binti, wenzako wamepita wapi?" akauliza.

Nikamwambia niko peke yangu. Alinisindikiza mpaka mlangoni, akigeukageuka nyuma.

Daktari anasema mwili umechoshwa kupita kiasi. Filimbi amenisimamisha mwezi mzima, kwa hiyo mashindano ndiyo basi tena. Nimelia, nimenyamaza. Dada analala na ufunguo shingoni, na hizi siku mbili nimelala fofofo.

Ila jana Mama kaniambia kwamba nilipokuwa mdogo, ulipokuwa ukiishi nasi, nilikuwa natoka nje usingizini na wewe ndiye uliyenirudisha. Kasema mara ya mwisho uliingia umenibeba, ukasukuma kabati mlangoni, na mpaka leo hujasema ulichokiona. Nakuomba uniambie. Usimwandikie Mama, niandikie mimi.

Msalimie Mjomba na wanao wote. Dada anakuamkia. Mungu akulinde ukiwa macho, akulinde zaidi ukiwa umelala.

Wako akupendaye na anayesubiri jibu,
Mwanao, Kifundo